Leseni ya Mzee Hisa

Tangazo lilibandikwa juu ya mtungi wa maji ya kunywa, mahali ambapo kila mfanyakazi angelisoma apende asipende, glasi ikiwa mkononi. Lilikuwa na mhuri wa Mamlaka ya Masoko, na lilisema kwamba kuanzia mwaka huu hakuna mtu atakayemhudumia mteja wa hisa wala wa hati fungani bila leseni, na leseni haipatikani ila kwa mtihani. Mitihani mitatu: Sheria na Maadili, Ushauri wa Uwekezaji, na Hesabu za Hati Fungani. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya bluu: "Na kunywa maji je?"

Mzee Hisa alilisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akalisoma tena. Alikuwa karani wa uhamisho wa hisa katika kampuni hii ya udalali kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake hasa ilikuwa kupokea watu waliofiwa. Mtu akifa akaacha hisa, wanawe huja na bahasha yenye cheti cha hisa kilichokunjwa mara nne, cheti cha kifo, barua ya mahakama, na ugomvi. Yeye alivipokea vyote, ugomvi ukiwemo, akalinganisha sahihi, akajaza fomu, na baada ya wiki sita hisa zikawa za walio hai. Mtaani kwake walimwita Mzee Hisa kwa kuamini kwamba mtu anayeshinda na hisa kutwa hawezi kukosa zake mwenyewe. Hakuwa na hata moja. Alikuwa na tai mbili.

Saa nne waliitwa kwenye chumba cha mikutano. Mkurugenzi, bwana wa miaka thelathini na minane mwenye viatu vilivyochongoka kama kalamu, alisimama mbele ya ukuta mweupe na kutabasamu.

"Wapendwa, msiogope. Haya si masharti, ni safari. Kila mmoja wenu ana safari yake ya taaluma katika masoko ya mitaji."

"Nauli anatoa nani?" aliuliza dada wa dawati la hati fungani.

"Kampuni itagharimia kila kitu," Mkurugenzi alisema, na watu wakaanza kupiga makofi. "Halafu itakata kidogo kidogo kwenye mishahara yenu." Makofi yakafia mikononi.

Mzee Hisa aliinua kidole. "Na asiyefaulu, bosi?"

"Mzee wangu, hapa hatuongei lugha ya kushindwa."

"Naongea lugha ya kuuliza tu."

"Asiyefaulu," Mkurugenzi alisema kwa upole, kama daktari anayetoa majibu mabaya, "kampuni itamwachia nafasi akafuate ndoto zake."

Mzee Hisa alikuwa na miaka hamsini na sita. Ndoto yake ilikuwa kufika sitini akiwa bado ana kiti.

*

Sebule yao ilikuwa nusu sebule na nusu kiwanda. Upande wa dirishani kulikuwa na cherehani ya mkewe, na kuizunguka marundo ya sare za shule. Upande wa pili kulikuwa na meza ya kulia chakula, ambayo kwa sasa ilikuwa ya vifungo. Hapo ndipo aliposhinda binti yao wa pekee. Alikuwa na shahada ya fedha, daraja la juu, miaka miwili na miezi minne tangu avue joho. Alikuwa ameomba kazi sitini na tatu. Zote zilikuwa za watu wanaoanza, na zote zilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Mtaani walimwita Digrii. "Digrii, nishikizie kifungo hiki," walisema, na kucheka, na yeye akakishikiza.

"Nataka unifundishe," baba yake alimwambia jioni ile, bila kumtazama usoni.

Digrii alisukuma vifungo pembeni. "Haya, Baba. Hati fungani ni nini?"

"Karatasi ya mkopo. Serikali inakopa kwako, inakulipa riba, mwisho inakurudishia chako."

"Vizuri. Riba za sokoni zikipanda, bei ya hati fungani uliyonayo inakwendaje?"

"Inapanda nayo."

"Inashuka, Baba."

"Kwa nini kimoja kipande kingine kishuke? Ni mbwa na paka?"

Digrii alieleza mara tatu, mara ya tatu kwa kuchora. Mzee Hisa aliutazama mchoro kwa adabu. Ndipo cherehani iliponyamaza.

"Baba Digrii, tazama hapa," mkewe alisema, akiinua shati. "Umelinunua hili kwangu jana. Leo jirani anauza shati kama hili, bei ileile, na soksi juu yake. Ukitaka kuliuza lako, nani atakupa bei ya jana?"

"Hakuna."

"Basi shusha bei. Ndiyo hiyo hati yenu."

Digrii alimgeukia mama yake, kinywa wazi. Mihadhara ya muhula mzima ilikuwa imeishia kwenye shati. "Mama, mtihani ungefanya wewe."

"Mimi nina mashati hamsini na mawili. Afanye anayeshikiza vifungo." Kisha akaona alichokisema. "Na kweli. Kwa nini usifanye? Unavisoma vitabu kutwa, utavisoma bure?"

Ada ya Digrii ilitoka kwenye sare za kidato cha kwanza, na hakuna aliyeizungumzia tena. Kwa wiki sita baba na binti walikaa meza moja. Sheria Mzee Hisa aliziweza, nyingi aliziishi kabla hazijaandikwa. Kilichomsumbua ni majibu ya kuchagua.

"'Mjane ameleta cheti cha hisa cha marehemu mumewe,'" Digrii alisoma. "'Hatua ya kwanza ni ipi? A, kuthibitisha utambulisho. B, kufungua faili. C, kumjulisha mkuu wa kitengo. D, kudai nyaraka za mahakama.'"

"Ya kumpa kiti iko wapi?"

"Haipo."

"Miaka kumi na tisa naanza na kiti." Alikuna kidevu. "Weka A. Lakini waandikie wamekosea."

Siku nyingine alikosea hesabu ileile mara nne, akakirusha kikokotoo juu ya rundo la sare, akaenda kusimama uani akitazama ukuta. Aliporudi, Digrii alikuwa ameifuta karatasi na kuanza upya, kana kwamba baba yake alikuwa ametoka kunywa maji tu. Hilo lilimuuma kuliko kama angechekwa.

*

Mtihani ulifanyika kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja. Watahiniwa walikuwa wengi, wengi wao vijana wenye harufu ya manukato na woga. Mzee Hisa alielekezwa safu ya tatu. Kando yake alikaa mtu mwenye kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi na miwani ya jua. Viatu vyake vilikuwa vimechongoka.

"Habari za asubuhi, bosi," Mzee Hisa alisema.

"Mimi siko hapa," Mkurugenzi alinong'ona.

"Sawa, bosi. Sijakuona."

Shida haikuwa maswali, ilikuwa kipanya. Kila akikigusa, mshale ulikimbilia pembeni ya kioo na kujificha. Msimamizi, binti wa rika la Digrii, alikuja na kuinama. "Babu, usikiinue. Kiburuze."

Babu! Ofisini yeye alikuwa Mzee, na Mzee ni cheo. Babu ni mtu anayesaidiwa kuvuka barabara. Alikiburuza kipanya, akajibu maadili kwa nusu saa huku akitikisa kichwa kwa ridhaa, na alipofika kwenye hesabu aliona mashati, soksi, na jasho lake mwenyewe likidondoka juu ya meza. Kando yake mtu asiyekuwepo alikuwa amenyoosha shingo kama twiga, akichungulia majibu yake. Mzee Hisa alimwonea huruma. Angemchungulia mtu mwingine.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Digrii aliyasoma kwenye simu, mama akiwa amesimama nyuma ya bega lake na sindano mdomoni.

"Mimi nimefaulu. Maadili tisini na moja, hesabu themanini na nane, ushauri themanini na nne." Hakutabasamu. "Baba. Maadili tisini na saba. Ushauri sitini na tatu."

"Na hesabu?"

"Arobaini na moja."

Mstari wa kufaulu ulikuwa sitini, na ilibidi kufaulu mitihani yote mitatu. Mama alitoa sindano mdomoni. "Maadili kuna aliyempita?"

"Hakuna. Ndiye wa kwanza katika orodha yote."

"Kwa hiyo mtu mwaminifu kuliko wote asiyejua kikokotoo, hafai. Na anayekijua?"

"Huyo anahitaji uaminifu wa sitini tu," Digrii alisema.

Mzee Hisa alinyanyuka, akasema anakwenda kutia maji maua. Hawakuwa na maua.

*

Jumatatu Mkurugenzi alimwita, akafunga mlango mwenyewe, na kumimina chai mwenyewe. Mzee Hisa alijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika.

"Mzee wangu, pole sana. Lakini kila jambo lina upande wa pili. Nimeona kwenye orodha mtu mwenye ubini kama wako. Ni binti yako yule?"

"Ni wangu."

"Hongera! Sheria inatudai tuwe na watu wawili wenye leseni ifikapo tarehe thelathini, la sivyo tunafungiwa. Dada wa hati fungani amefaulu, ni mmoja. Sasa kwa nini twende mbali? Sisi ni familia. Binti aje, akae mezani pako. Wewe mfundishe kazi mwezi mmoja, halafu ustaafu kwa hiari."

"Kwa hiari ya nani, bosi?"

"Yako, Mzee wangu. Fomu yenyewe hii, imeshajazwa. Imebaki sahihi."

"Na atalipwa ngapi?"

"Ataanza kama mwanagenzi. Posho theluthi ya mshahara wako. Ndivyo taaluma zinavyoanza."

Mzee Hisa aliichukua fomu. Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa aliipitia mstari kwa mstari, akaona wamekosea namba yake ya utumishi, akatoa kalamu mfukoni na kuisahihisha. Kisha akaomba aende nayo nyumbani.

Nyumbani alieleza habari nzima kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Cherehani ilisimama katikati ya mshono.

"Siendi," Digrii alisema.

"Utakwenda."

"Nikakae kwenye kiti chako, Baba?"

"Si changu. Kina kibandiko cha kampuni chini, nimekiona mara nyingi nikiokota kalamu."

Mama alikuwa akihesabu kwa vidole. "Yaani nyumba hii itawapelekea watu wawili kwa mwezi mzima, halafu ibaki na theluthi ya mmoja. Hawa nao wamefaulu hesabu?"

"Ni mlango, Mama Digrii!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Sitini na tatu amegonga, sitini na tatu wamemfungia. Huu umefunguka. Kama umefunguka kwa sababu mimi natoka, basi natoka. Nikae nimekingama hadi lini?"

Digrii akakubali kwenda kusailiwa Jumatatu. Jumapili alitoa viatu vya binti yake nje, akavipiga rangi, akavisugua hadi akaona kivuli cha uso wake. Digrii alimkuta akivikagua kwenye jua.

"Nipe zile kanuni walizowapa ofisini, nizipitie kabla ya usaili."

Alimpa zile kurasa zilizorudufiwa. Digrii alizipekua. "Baba, huu ni ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wa sita. Wa nne na wa tano?"

"Walisema mashine ilikwama."

Digrii alikaa kwenye kizingiti, akazitafuta kanuni kamili kwenye simu. Mzee Hisa aliona kidole gumba chake kikisogeza, kikisogeza, kikasimama. Digrii alicheka pumzi moja, kisha akabaki kuitazama ile simu hata ilipozima kioo.

"Kuna nini?"

"Hamna kitu, Baba. Viatu vimependeza."

*

"Mzee wangu, nawe kaa," Mkurugenzi alisema asubuhi iliyofuata. "Hili ni jambo la kifamilia."

Walikaa bega kwa bega, yeye na fomu yake, Digrii na bahasha yake. Mkurugenzi alimuuliza binti anajiona wapi baada ya miaka mitano.

"Kabla sijafika huko, naomba kusoma kitu," Digrii alisema. Alitoa karatasi mbili. "Kanuni, ukurasa wa tano. 'Mtumishi mwenye uzoefu wa miaka kumi au zaidi katika huduma za uhamisho wa hisa, asiyetoa ushauri wa uwekezaji, atapewa leseni kwa kufaulu mtihani wa Sheria na Maadili pekee.'"

Mzee Hisa alisikia feni ya darini ikizunguka.

"Pekee," Digrii alirudia. "Baba ana tisini na saba. Leseni yake ni ya kwenda kuchukua tu. Mnao wawili tayari."

Mkurugenzi hakugusa zile karatasi. "Kifungu hicho tulikiona. Tulitaka kumjengea uwezo."

"Kwa kumkata mshahara wake miezi miwili?"

"Binti." Alishusha sauti. "Unaelewa kwamba nilikuitia nafasi ya mtu wa pili? Kama wa pili yupo, nafasi haipo. Na soko lilivyo siku hizi, kwa umri wako?"

"Naelewa. Ile ya hesabu nilipata themanini na nane."

Mkurugenzi aligeukia upande wa pili haraka, kama mtu anayejaribu mlango mwingine. "Mzee wangu, wewe ndiye baba. Fomu unayo. Ukiisaini, binti ana kazi leo hii. Mwambie basi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alikuwa amepiga moyo konde wiki nzima ili aisaini ile fomu. Mkono wake ulikuwa umejizoesha. Alimtazama Digrii, viatu vyake vinavyong'aa, kola aliyoipiga pasi mwenyewe. Angeweza kusaini, na binti yake angekuwa na meza. Lakini aliikumbuka ile theluthi, na kurasa mbili zilizokwamishwa mashineni, na akawaza: leo wamemfanyia hivi baba mbele ya mwana, kesho watamfanyia mwana pasipo mtu wa kumwona.

"Bosi," alisema, "mimi kazi yangu ni sahihi. Naweza kuitambua iliyotolewa kwa hiari." Aliikunja fomu mara nne na kuirudisha mezani. "Hii haitakuwa hiyo."

"Tarehe thelathini ni Alhamisi," Digrii alikumbusha, kwa adabu kabisa.

Walirudi nyumbani kwa miguu mchana ule, maana Mkurugenzi alikuwa amempa Mzee Hisa ruhusa ya nusu siku ili asimwone usoni. Walipita maduka matatu.

"Ulijua tangu jana," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ungenyamaza tu, sasa hivi ungekuwa na kazi."

"Ningekuwa na yako."

Alitaka kumkaripia, alitaka kumshukuru, na kwa sababu vyote viwili vilikuja mara moja, alikohoa. Digrii alimpigapiga mgongoni, na wakaendelea kutembea.

*

Leseni ilitoka Jumatano. Mzee Hisa alipewa cheo kipya, Mwakilishi Mwandamizi wa Uhamisho, na kadi mia mbili zilizoandikwa "Mwakilishi Mwandamizi wa Uhamiaji", na mshahara uleule. Majirani walizipokea kadi kwa heshima, na wawili wakaja kumuuliza kuhusu pasipoti.

Digrii alirudi kwenye vifungo. Aliomba kazi ya sitini na nne, kimya. Kwa wiki mbili Mzee Hisa kila akikaa kwenye kiti chake ofisini alikaa ukingoni, kama mgeni.

Ndipo dada wa dawati la hati fungani alipopiga simu. Alikuwa na shoga yake wa kampuni nyingine aliyeanguka hesabu. Je, yule binti angeweza kumsaidia? Digrii alimsaidia Jumamosi. Jumamosi iliyofuata wakaja watatu, iliyofuata tisa. Ikabainika kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaojiita wataalamu wa masoko ya mitaji walikuwa wameanguka hesabu, wakiwemo wawili ambao huonekana kwenye televisheni wakieleza kwa nini bei zimepanda. Mama alihamisha marundo ya sare na kutandika mikeka. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni kukusanya ada, na hakukubali ahadi ya mtu mwenye tai. Na hesabu ilipowazidi, aliacha mlango, akaja na shati lake na soksi zake, na wataalamu wakaandika.

Jumamosi ya sita lilisimama gari jeusi nje. Mzee Hisa alikuwa amevaa fulana, akigawa karatasi za mazoezi. Alimwona Mkurugenzi mlangoni, bila kofia mara hii, akitoa pochi yake mbele ya mkewe.

"Hamna punguzo?" Mkurugenzi aliuliza. "Sisi ni kama familia."

"Familia inalipa mwanzo ili isisumbue mwisho," Mama alisema. "Viatu hapo nje."

Mkurugenzi alivua vile viatu, akavipanga kando ya kandambili za watu, akatafuta nafasi, akakosa, akaketi chini karibu na miguu ya cherehani, magoti yakimfika kidevuni. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu. Mzee Hisa alimpa karatasi.

"Karibu, bosi."

"Asante, Mzee wangu. Asante."

Digrii alifundisha saa nzima bila kumpendelea wala kumwonea. Alimsahihisha mara mbili, kama alivyomsahihisha kila mtu. Kisha mkono mmoja uliinuka polepole kutoka upande wa cherehani.

"Mwalimu, samahani. Naomba ruhusa kwenda msalani."

Darasa lote liligeuka. Digrii aliitazama saa ya ukutani, akatazama karatasi ya Mkurugenzi, iliyokuwa nyeupe bado.

"Nenda, lakini urudi. Baba, mwonyeshe."

Mzee Hisa alitangulia kwenye ukumbi mwembamba, Mkurugenzi akimfuata kwa soksi, wakaruka mashati mawili na dumu moja. Mlangoni Mzee Hisa alisimama.

"Maji yamekatika tangu jana, bosi. Ndoo iko nyuma ya mlango." Akafikiri kidogo. "Usiimalize. Foleni ni ndefu."